Maziwa Mawili, Wafalme Wawili

Ukitoka mjini Tukuyu ukaiacha barabara kuu, ukateremka katikati ya migomba na mashamba ya chai, utafika Masoko. Hapo pana ziwa dogo la mviringo, liitwalo pia Kisiba, lililojaa katika shimo la volkano ya kale. Karibu nalo limesimama jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Wageni wengi wafikapo hapo huuliza jambo moja tu: je, ni kweli kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walitupa fedha na silaha zao majini? Ndivyo wasimuliavyo wenyeji, na mgeni huondoka akiyatazama maji kwa tamaa.

Nami nilisimama ukingoni mwa maji hayo, lakini mawazo yalinipeleka mbali, hadi Italia. Yapata kilometa 30 kutoka Roma liko ziwa liitwalo Nemi. Nalo limo ndani ya shimo la volkano, nalo lilificha mali. Kaisari Caligula, aliyetawala tangu mwaka 37 hadi 41 baada ya Kristo, aliunda humo merikebu mbili, kila moja yenye urefu wa meta 70 hivi. Zilizama, zikalala matopeni karne nyingi, mpaka serikali ya Italia ilipoyapunguza maji ya ziwa kati ya mwaka 1928 na 1932 ili kuzitoa.

Hata hivyo, sifa ya Nemi haikuwa merikebu tu. Kando ya ziwa ulikuwapo msitu mtakatifu wa mungu wa kike Diana, na kuhani wa msitu huo aliitwa mfalme. Ufalme wake ulikuwa wa ajabu. Aliyeutaka alikuwa mtumwa mtoro. Akivunja tawi la mti fulani alipata haki ya kupigana na mfalme, na akimwua alishika nafasi yake. Mwandishi wa kale Strabo amesimulia kuwa kuhani huyo alikaa na upanga mkononi daima, akitazama huku na huku. Imeandikwa pia kwamba Caligula, alipoona mmoja wao amedumu mno, alimtafutia mpinzani mwenye nguvu kumzidi.

Mwaka 1890 mtaalamu wa Kiskoti, James Frazer, alianza kitabu chake mashuhuri kwa habari hiyo. Alieleza kuwa mfalme wa namna ile aliaminiwa kubeba uhai wa nchi: akidhoofika yeye, nchi nayo ingedhoofika. Kwa hiyo hakuachwa azeeke.

Sasa, ndugu msomaji, turudi Rungwe. Katika nchi hii hii ya Wanyakyusa uko msitu mtakatifu wa Lubaga, makao ya Lwembe. Yeye naye hakuwa mtawala wa majeshi. Wazee walisimulia kuwa jadi yake ilishuka kutoka milima ya Ukinga, na kwamba mvua, chakula na uzazi vilitoka kwake. Akiugua sana hakuachwa afe kifo cha kawaida, bali makuhani walimziba pumzi. Kabla ya hapo nywele na kucha zake zilichukuliwa zikazikwa matopeni, ili nguvu ya kuotesha ibaki nchini, isimfuate kaburini. Habari hizi ziliandikwa na Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Naye alipotoa hotuba ya kumkumbuka Frazer mwaka 1959, alimzungumzia Lwembe huyu.

Liko jambo linalowatofautisha wafalme hawa. Kule Nemi mtu aliufuata ufalme mwenyewe, maana mtumwa mtoro hana cha kupoteza. Huku Lubaga aliyechaguliwa aliogopa, ikabidi akamatwe. Yule aliua ili atawale. Huyu alitawazwa akijua kuwa siku moja atauawa kwa ajili ya wenzake. Nionavyo mimi, huyu wa Lubaga ndiye aliyeujua zaidi uzito wa madaraka.

Lakini mfalme wa Nemi husomwa katika vyuo vikuu kama historia ya ustaarabu, na mambo ya Lubaga wengi wetu tumezoea kuyaita ushenzi. Kwa kipimo kipi?

Merikebu za Caligula ziliwekwa katika jumba la makumbusho. Mwaka 1944, wakati wa vita, ziliteketea kwa moto. Kilichosalimika ni masimulizi ya msitu, kwa kuwa wako walioyaandika. Yetu mengi bado yamo vinywani mwa wazee.

Basi ukienda nyumbani likizo, na mtoto akakuuliza habari za fedha zilizomo ziwani, mjibu, kisha umpeleke kwa babu yake akaulize habari za Lwembe. Fedha za Wajerumani, kama zimo, zitangoja. Babu hatangoja.