Mambo ya Wodini, sehemu ya 31: Sista, ulimwona?

Najua niliwaahidi kwamba leo tunaendelea na chanjo ya miezi tisa. Naomba mnisamehe, chanjo itakuja keshokutwa. Leo nina kitu nilikiona kwenye TV kikaninyima usingizi, na mnajua mtu aliyetoka zamu ya usiku anavyoupenda usingizi wake.

Mdogo wangu ni mpenzi wa muziki wa zamani wa Marekani, ule wanaouita soul. Kwa msioujua, ni muziki wa Wamarekani weusi ambao ulitoka kanisani, ukaenda mtaani ukaanza kuimba mapenzi, maumivu na haki. Waimbaji wake wengi walianzia kwaya. Basi Jumapili akaweka filamu ya makala, yaani ya matukio ya kweli, inaitwa Summer of Soul. Aliiongoza Questlove, yule mpiga drams wa kundi la The Roots. Ilitoka mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Mimi sikukaa kwa ajili ya filamu, nilikaa kwa sababu nilikuwa nachambua mchicha na kiti kilikuwa hapo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1969, mtaa wa Harlem, jijini New York, kulikuwa na tamasha la muziki la bure kwenye bustani ya Mount Morris, siku hizi inaitwa Marcus Garvey. Lilifanyika Jumapili sita za kiangazi, na ukijumlisha siku zote walifika watu kama laki tatu. Kumbukeni ni mwaka mmoja tu na miezi kadhaa tangu Martin Luther King auawe. Watu walikuwa na kidonda kibichi. Halafu unamwona Stevie Wonder, kijana wa miaka 19, anapiga drams. Unamwona Nina Simone, B.B. King, Gladys Knight, hadi Hugh Masekela wa Afrika Kusini na tarumbeta lake. Watoto wamepanda juu ya miti ili waone.

Siku wanaanga walipotua mwezini, tarehe 20 Julai 1969, tamasha lilikuwa linaendelea. Mtangazaji akawauliza watu pale bustanini wanaonaje. Jamani, walijibu bila kuzunguka: hizo hela za kwenda mwezini zingelisha watu wenye njaa hapa Harlem. Nilicheka, maana ndivyo mama yangu angejibu.

Sasa kuna mtu anaitwa Hal Tulchin, ndiye aliyerekodi tamasha lote. Kanda za saa kama 40. Vipande vichache vilioneshwa kwenye televisheni mwaka uleule, basi. Alihangaika kuuza zilizobaki, hakuna aliyezitaka. Zikakaa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake karibu miaka 50. Mwaka huohuo wa 1969 kulikuwa na tamasha jingine, Woodstock, umbali wa kilomita kama 160 tu kutoka pale, ambalo wengi wa wahudhuriaji wake walikuwa vijana wa kizungu. Lile lilitengenezewa filamu mwaka uliofuata, likajulikana dunia nzima. La Harlem likawa kama halikuwahi kutokea.

Hapo ndipo niliacha mchicha.

Questlove amewatafuta watu waliokuwepo pale. Wengine sasa ni bibi na babu, wakati ule walikuwa wasichana, wavulana, watoto wadogo. Kuna baba mmoja anaitwa Musa Jackson. Alipelekwa pale akiwa mtoto mdogo kabisa. Wanamuuliza anakumbuka nini. Anasema anakumbuka harufu: mafuta ya nywele na kuku wa kukaanga. Anakumbuka rangi ya nguo za kundi moja la waimbaji. Vitu ambavyo mtoto hushika. Halafu wanamwonesha picha zenyewe.

Mama zangu, tazameni uso wa yule baba. Kwanza anatabasamu. Kisha anatulia kabisa. Kisha machozi yanaanza kumtoka, mtu mzima na mvi zake. Anachosema, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba kumbe hakuwa amechanganyikiwa. Kumbe lilitokea kweli. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba siku nzuri kuliko zote za utoto wake, na hakuwa na kitu cha kumwonesha mtu mwingine.

Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, sasa huyu analia nini, si muziki tu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaondoka pale sebuleni kwa mawazo, niko wodini, nimesimama mbele ya mama mmoja.

Huyu mama nimemwomba ruhusa ya kumwandika, akakubali. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuja kliniki siku moja na ujauzito wa miezi mitano. Alikaa kwenye benchi mpaka wenzake wote wakaisha. Alipobaki peke yake akaja mezani kwangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Sista, wewe ulikuwa zamu usiku ule niliofanyiwa upasuaji. Miaka miwili iliyopita. Ulimwona mwanangu?"

Nilimkumbuka. Alifika usiku akiwa na hali mbaya, akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mtoto hakutoka hai. Mama alilala na dawa ya usingizi, na alipopata fahamu vizuri ndugu walikuwa wameshamchukua mtoto, wakaenda kuzika asubuhi ileile. Walidhani wanampunguzia uchungu. Na mimi, nesi wenu ninayewapa ushauri humu kila wiki, nilimwinamia pale kitandani nikamwambia, "Usimfikirie tena mama. Shukuru wewe umepona. Utapata mwingine."

Nililisema kwa upole kabisa, na nilidhani ni dawa.

Akaniambia, "Nyumbani hakuna anayemtaja. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi nikisema wawili, mume wangu ananirekebisha, anasema mmoja. Hasemi kwa ubaya. Lakini sista, nimeanza kujiuliza kama nilimzaa kweli. Sijawahi kumwona. Labda niliota."

Mnaona? Maneno ya yule baba wa Harlem na ya huyu mama ni kama yametoka kinywa kimoja. Mmoja alibeba furaha, mwingine alibeba msiba, lakini wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kilekile.

Nilifunga mlango. Nikamwambia, "Nilimwona. Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi sana. Mimi ndiye niliyemfunga, nilimfunga kwa kanga uliyokuja nayo, ile ya zambarau."

Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Ile kanga niliitafuta mpaka nikachoka. Kumbe aliondoka nayo."

Akaniuliza mtoto alifanana na nani. Nikamwambia ukweli kwamba hilo sikumbuki, maana sikutaka kumpa uongo hata mmoja siku ile. Lakini nilienda kuomba rejista ya leba ya mwaka ule. Tukaupata mstari wake. Tarehe, saa, jinsia ya kike, kilo mbili na gramu mia nane. Aliweka kidole juu ya ule mstari akaupitia taratibu, kama mtu anayesoma barua. Alilia, ndiyo, alilia sana. Lakini alipoondoka alikuwa ametembea wima.

Kwa hiyo nilipomwona Musa Jackson analia mbele ya zile picha nilijua analilia nini. Mtu anaweza kubeba furaha kubwa au huzuni kubwa. Kinachomtesa ni kuibeba bila shahidi.

Nikamwambia mdogo wangu arudishe nyuma, nimepitwa. Na kweli nilikuwa nimepitwa na mengi. Kuna mwimbaji Marilyn McCoo, wa kundi la The 5th Dimension, anajitazama alivyokuwa msichana jukwaani, na sauti inamkatika. Anaeleza kwamba watu walikuwa wanawasema, eti muziki wao si wa watu weusi vya kutosha. Ndiyo maana kupokelewa Harlem kulikuwa jambo kubwa kwao. Miaka hamsini imepita, ana mafanikio yote, lakini bado alihitaji kuiona ile siku kwa macho yake.

Halafu linakuja lile ambalo lilinimaliza kabisa. Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili, yuko jukwaani lakini hajisikii vizuri. Anamwomba Mavis Staples, ambaye ni binti tu mbele yake, amsaidie kuimba. Wanaimba wimbo ambao Martin Luther King aliupenda sana, na ambao aliomba upigwe dakika chache kabla hajauawa: Take My Hand, Precious Lord. Wanaimba wawili, wanapokezana, sauti zinapanda mpaka unahisi paa la nyumba linatikisika. Mavis, ambaye sasa ni bibi, anasimulia tukio lile kama heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Historia ya wimbo ule naifahamu, kwa sababu inahusu kazi yangu. Uliandikwa na Thomas A. Dorsey mwaka 1932. Alikuwa mwanamuziki wa Chicago, akasafiri kwenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa injili. Mkewe, Nettie, alibaki nyumbani mjamzito. Akiwa huko akaletewa telegramu: mkeo amefariki akijifungua. Akarudi nyumbani, akakuta mtoto wa kiume yuko hai. Mtoto naye akafariki muda mfupi baadaye. Aliwazika mama na mtoto kwenye jeneza moja. Kutoka kwenye msiba ule ndipo ukatoka wimbo ambao mamilioni ya watu wameulilia.

Angalieni alichofanya Dorsey. Hakuna aliyeweza kumwambia asahau, utapata mwingine. Msiba wake aliuweka mahali ambapo watu wengine wangeweza kuushika naye. Miaka 37 baadaye watu wa Harlem wanasimama kwenye bustani wanalia juu yake, na miaka mingine hamsini baadaye mimi nalia juu yake na mchicha mapajani.

Sasa nirudi kwenu, maana hii ni familia yetu.

Kama una mdogo wako, wifi yako, au jirani aliyepoteza mtoto, akiwa tumboni au baada ya kuzaliwa, usimwambie asahau. Hata kwa upole. Mwambie "pole" na ukae. Kama mtoto alipewa jina, litaje. Kama ulimwona, mwambie ulichokiona, na usiongeze chumvi. Akina baba mliomo humu, najua mnanyamaza kwa sababu mnadhani kimya kinamsaidia mama. Muulizeni kwanza. Wengi wanachotaka ni mtu wa kusema naye, "Ndiyo, alikuwepo."

Siku hizi hospitalini tunafundishwa tumuulize mama kama anataka kumwona na kumshika mtoto wake, bila kumlazimisha. Ni haki yako kuomba. Kama umelazwa na huna nguvu, mwachie maagizo mtu unayemwamini: wanisubiri, au wanipigie picha, au waniwekee kanga. Na kama wiki mbili zimepita huli, hulali, huna hamu ya kitu chochote, njoo kliniki. Ukipata mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili, njoo leo hii, na usije peke yako.

Na wenye watoto wanaokimbia hapo nyumbani, mtoto wa miaka mitano akikwambia "Mama unakumbuka ile siku…" usimkatize kwa kumwambia amechanganya mambo. Mwache amalize. Andika kwenye daftari la shule lililobaki kurasa. Watoto hushika harufu na rangi, sisi tunashika tarehe. Tukiunganisha, siku yao inakuwa kamili, na hawatahitaji kusubiri miaka hamsini wapate mtu wa kuwaambia kwamba ilitokea.

Yule mama wa kanga ya zambarau alijifungua salama, mtoto wa kiume, nami nilikuwa zamu. Ndugu walikuja na chai, wodi ikajaa kelele. Mwanamke mmoja wa kitanda cha pili akamuuliza, "Huyu ni wa ngapi?"

Akasema, "Wa tatu."

Mumewe alikuwa amesimama pale pembeni ameshika chupa ya chai. Nikamtazama. Akamimina chai kwenye kikombe, akampa mkewe, akamwambia yule mama jirani, "Ndiyo, wa tatu. Wa pili alikuwa msichana."

Keshokutwa ni chanjo, msisahau kadi za kliniki. Usiku mwema mama zangu.