Haki ya Kutembea Bila Sababu

Mwafrika anayekwenda Ulaya hutarajiwa kuwa na sababu: masomo, mkutano, matibabu, biashara, au harusi ya ndugu. Mimi na mke wangu hatukuwa na hata moja. Kuanzia Mei hadi Julai 2025, kwa siku 80, tulizunguka nchi saba za Ulaya kwa treni, kwa kuwa tulitaka kuziona tukiwa wawili. Mstaafu wa Kijerumani anayetua Zanzibar na mkewe haulizwi zaidi ya hapo. Hulipa dola 50 za viza, akaenda ufukweni. Kwetu sisi, kutembea tu ni jambo linalohitaji utetezi.

Tulianza kujitetea nyumbani. Baba yangu mdogo aliposikia habari hiyo aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, mnaumwa nini mnachotuficha?” Simlaumu. Katika ukoo wetu hakuna mume na mke waliowahi kusafiri pamoja muda mrefu isipokuwa kwa hospitali au msiba.

Ubalozini utetezi ulikuwa mgumu zaidi. Viza ya Schengen humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na ombi likikataliwa hairudishwi. Juu yake kuna bima ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na uthibitisho wa malazi. Nilikwisha kwenda Ulaya mara tatu peke yangu kwa mikutano ya kitaaluma, na kila mara viza ilitoka. Tulipoomba wawili, ubalozi mmoja ulitukatalia. Fomu ilieleza kwamba kulikuwa na shaka kuhusu nia yetu ya kuondoka kabla ya viza kwisha.

Mwajiri alikuwa yule yule, mshahara ule ule, nyumba ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mke wangu hakuwa anabaki. Ndipo nilipoona kwamba katika safari zile tatu yeye ndiye aliyekuwa dhamana, kama hati ya kiwanja inayoachwa benki. Tulipoomba tena, katika ubalozi mwingine, tuliambatisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu wawili ambao wangebaki na bibi yao. Tukapewa. Mke wangu alizitazama zile viza, akasema: “Kwa hiyo sasa dhamana ni watoto.”

Naomba nieleweke: kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia kwake. Ninachohoji ni dhana kwamba mapenzi ya Mwafrika kwa nchi yake hayatoshi kumrudisha, mpaka aache mtu nyuma.

Na huko Ulaya kuna mengi ya kujifunza kuhusu mipaka. Tulifika hadi kijiji chenyewe cha Schengen, nchini Luxembourg, kando ya Mto Moselle, mahali ambapo nchi hiyo inakutana na Ufaransa na Ujerumani. Hapo, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani mwao. Utekelezaji ulianza Machi 1995, karibu miaka kumi baadaye. Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vitatu kati ya 1870 na 1945. Leo tramu ya mjini Strasbourg huvuka Mto Rhine hadi Kehl, upande wa Ujerumani, watu wakienda sokoni. Kati ya Gorizia ya Italia na Nova Gorica ya Slovenia tulikuta uwanja unaopitiwa katikati na mpaka uliowekwa baada ya vita, mwaka 1947. Uzio uliokuwapo uliondolewa mwaka 2004. Mke wangu alisimama Slovenia, mimi Italia, tukagawana mkate.

Lakini mpaka ulioondolewa ardhini waweza kumfuata mtu. Katika treni moja maaskari wawili waliingia, wakapita safu baada ya safu bila kuuliza kitu, wakasimama kwetu. Pasipoti zilikaguliwa, tukarudishiwa kwa adabu. Katika behewa lile weusi tulikuwa sisi wawili tu. Mke wangu hakusema neno hadi kituo kilichofuata. Kisha akafungua chupa ya chai, akanimiminia, tukaendelea na mazungumzo tuliyoyakatiza. Baada ya miaka kumi na sita ya kuzungumzia ada za shule na michango ya harusi, hatukuwa tayari kunyang’anywa mazungumzo yale.

Je, sisi tuna usafi wa kuwanyooshea kidole? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimewaruhusu raia wao kuvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa; Tanzania, nchi yangu, ilibaki nje ya mpango huo. Shangazi yake mke wangu ameolewa Taveta, kilomita chache tu kutoka Holili, ng’ambo ya mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886. Akifiwa, ndugu wa upande huu hutafuta hati ya kusafiria kwanza, ndipo waende kumpa pole. Hakuna ubalozi wa Kizungu unaowazuia.

Wakulima wa zabibu wa Moselle hawakupewa uhuru wao na malaika. Wanasiasa walikaa, wakabishana, wakatia saini, kisha wakatekeleza. Wabunge wetu wa Arusha wana meza na kalamu pia. Waanze na Holili, ili mjomba na mkewe waweze kwenda Taveta Jumamosi, wasiulizwe sababu, na wasiache mtu nyuma kuwa dhamana.