Dawa ya Miti: Halali Peke Yake Haitoshi

Baada ya darsa, kina mama huniuliza swali moja kuhusu dawa za miti kuliko mengine yote: "Sheikh, hii ni halali?" Huniletea kichupa cha habasoda iliyosagwa, unga wa mlonge, au vidonge vilivyotoka ng'ambo, tukatafuta pamoja kama kuna kitu cha nguruwe ndani yake. Ni swali jema, Mola awalipe kheri. Lakini Mwenyezi Mungu alipotuamrisha kula vya halali, aliongeza sifa ya pili: viwe twayyib, vizuri na safi. Sifa hiyo ni nadra kuulizwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha fadhila za habasoda na asali, nasi twaziamini. Fadhila hizo ni za dawa yenyewe, si za mkono ulioianika wala gunia lililoihifadhi. Mmea huota udongoni, mara nyingi penye samadi. Huanikwa chini, kuku na mbuzi wakipita. Bakteria wa salmonela wakishaingia, ukavu hauwaui. Huweza kukaa ndani ya unga kwa miezi mingi. Na mmea uliofungwa kabla ya kukauka sawasawa, katika unyevu wa pwani yetu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kuchemshwa. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 humu nchini, wengi wao Makueni na Kitui.

Huko Ujerumani, kati ya Oktoba 2002 na Julai 2003, watoto wachanga 42, wasiozidi miezi 13, waliugua salmonela. Chanzo kilikuwa chai ya shamari, kisibiti na anisi, ambayo Waarabu huiita yansuni. Anisi ndiyo iliyobeba bakteria. Mama zao hawakupungukiwa na mapenzi. Walitaka kumtuliza mtoto tumbo, kama mama wa Lamu au Mombasa amchemshiavyo mwanawe maji ya shamari.

Kwa hivyo mitishamba na itokote motoni, isimwagiwe maji ya moto tu. Unga unaolambwa na asali haukupita motoni. Asipewe mtoto mchanga, mja mzito wala mgonjwa dhaifu. Na asali yenyewe asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka, kwani huweza kubeba mbegu za botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Kwa tahniki, tende yatosha. Dawa yenye uvundo au ukungu itupwe, hata ikiwa ya ghali.

Na muuzaji akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umaji uliofichwa chini. Alimkemea mwenye mali, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Anayefunga dawa mbichi ndani ya kichupa kizuri amefanya jambo lile lile, na anayeumia ni mgonjwa aliyemwamini.

Kumuuliza muuzaji dawa imevunwa wapi, imeanikwa juu ya nini na imekaa muda gani, si kukosa tawakali wala si kumvunjia heshima. Ni kuilinda amana ya mwili tuliopewa. Mola atupe siha na awahifadhi watoto wetu. Amin.