Visi tatu za jenereta pale Oicha

Mama huyo alifika Oicha, katika territwari ya Beni, akiwa na watoto wanne, godoro moja na jenereta ndogo ya benzini iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Jenereta ndiyo inalisha nyumba. Wahami na wakaaji wanamletea simu asubuhi, wanalipa faranga 500, jioni wanazichukua zikiwa zimejaa.

Juma lililopita kamba ya kuwashia ilikwama. Kijana jirani alifungua kifuniko, akatengeneza kamba vizuri, kisha akarudisha visi tatu kwa nguvu zote. Mbili zikawa zinazunguka bure. Kesho yake kifuniko kilitetemeka mpaka kikaanza kugonga feni, mama akazima. Simu zikakaa bila moto. Kwa familia zenye ndugu waliobaki upande ambao barabara haipitiki, hasara hiyo haihesabiwi kwa faranga.

Mashini ikapelekwa kwa fundi mzee karibu na soko. Kijana akafuata nyuma, kichwa chini.

"Papa, nipe taro, nikate meno mapya."

"Ukikata hapo, mwanangu, utapata meno ya mtoto mchanga."

Visi za namna hii kiwandani huingizwa katika tundu lisilo na meno. Mwili wa mota ni aliminiumu, chuma laini, na visi inapoingia mara ya kwanza inakisukuma pembeni mpaka kinakuwa meno. Hakuna unga wa chuma unaotoka. Taro yenyewe inakata na kutoa. Ndiyo maana matundu yao hayalingani: kwa visi ya milimita 6 yenye meno ya milimita 1, tundu la taro hutobolewa milimita 5, lakini la visi ya kusukuma ni karibu 5.5. Ukitia taro ya 6 humo, inakwangua juujuu tu.

Kosa la kijana lilikuwa pale mwanzo. Visi hiyo ikirudishwa, unaizungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie imedondoka kidogo katika njia yake ya zamani. Hapo ndipo unaipeleka mbele, kwa vidole kwanza. Ukianza na nguvu, inachimba njia ya pili juu ya ile ya kwanza, na zote mbili zinakufa. Hata mafundi wenye brevet wanalisahau jambo hili.

Wenye mashini za kusaga wasichanganye: mwili wa mota nyingi za mazutu ni chuma cha kusubu, kigumu na chepesi kuvunjika. Hicho hakisukumwi, hukatwa kwa taro.

Mzee aliziba matundu mengine kwa kitambaa, akatoboa yale mawili yaliyokufa mpaka 6.8, kisha akakata meno ya bulo ya 8. Alitia mafuta tone kwa tone, na kila mara akarudisha taro nusu mzunguko ili unga ukatike.

"Kumbe taro umeitumia," kijana akasema.

"Sasa tundu ni la taro."

Akapanua na matundu ya kifuniko ili bulo zipite. Visi ya tatu, iliyokuwa bado nzima, akamwachia kijana. Kijana akaizungusha kinyume mara mbili, sikio karibu na chuma, akatulia, halafu akaanza kukaza.

Saa kumi jioni simu zilikuwa zimepangwa tena juu ya kibao cha mama.