Inapita

Mjomba wangu wa Bukama ana Toyota Probox yenye volani upande wa kuume, katika nchi ambamo watu wanashika upande wa kuume wa barabara. Msomaji wa Katanga hataona ajabu hapo. Tumezaliwa tukaikuta hali hiyo. Magari yetu mengi hutoka Japani, yanashuka Dar es Salaam, yanavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa, na huko kote yalikopita watu wanashika kushoto. Mpakani gari linahamia upande mwingine wa barabara; volani inabaki ilipokuwa. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2015 magari ya namna hiyo hayataingizwa tena. Wafanyabiashara wa Katanga wakapiga kelele, na leo atakaye kujua mambo yaliishia wapi asimame dakika kumi kando ya barabara ahesabu mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba shofere anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya kamio haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake zima limeshatoka nje, naye ndiye wa mwisho kufika huko. Jicho lake ni abiria wa kiti cha kushoto. Kwa hiyo ninapotoa maoni juu ya gari (nami huyatoa hata nisipoulizwa), sianzi na nguvu ya injini. Nauliza kwanza: aliye kushoto anaona nini, na anaweza kukisema upesi namna gani?

Land Cruiser ile ya mabega ya mraba, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1984 na haijachoka bado, kila mtu huku anaiheshimu kama askofu. Mimi naiheshimu pia, lakini tusidanganyane: volani yake ni nzito, inahitaji uwanja mzima kugeuka, na mgongo wako utaikumbuka siku tatu. Sifa yake ni kwamba haikushtui. Unachokiomba inakifanya polepole, na abiria wake anakaa juu, anaona mbali. Hiace ya zamani, ile yenye injini chini ya viti vya mbele, inakupikia mapaja, na kwa kuwa umekaa juu ya magurudumu yenyewe lazima uchelewe kidogo kukata kona. Ila pua haina. Mkitaka kuchungulia nyuma ya kamio, kichwa cha abiria kinatangulia karibu kila kitu. IST ni gari la lami. Katika njia zetu inakwangua tumbo kama kobe. Hata hivyo naipenda kwa jambo moja: saa yake ya mwendo iko katikati, si mbele ya volani, basi wote wawili wanaisoma, na abiria hawezi kudanganywa.

Probox ilitoka mwaka 2002 kuwa gari la kupelekea mizigo madukani huko Japani. Ukiwa mtupu nyuma, inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ipakie magunia manne ya samaki wakavu wa Upemba, inatulia, inashika njia, na freni zake unazihisi vizuri mguuni. Sijaendesha gari dogo linaloonyesha pembe zake wazi hivyo. Unajua gurudumu liko wapi. Ya mjomba bado ina sauti ya mwanamke ambaye, kila unapowasha, anasema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Mjomba humjibu, “Asante, mama.”

Mwezi wa saba, kiangazi, tuliondoka Bukama kuelekea upande wa Luena, mimi nikiwa jicho. Mbele yetu kamio ya mahindi ilikuwa inatimua vumbi ambalo halikuacha hata mti. Tuliila nusu saa. Kisha upepo ukavuta vumbi pembeni, nikaona kamio nyingine inatujia.

“Profesa, namna gani?” mjomba akauliza. Ananiita hivyo tangu nianze isimu, na si kwa heshima.

“Inapita,” nikasema.

Nilimaanisha ile inayokuja: iko njiani, inapita sasa hivi, ngoja. Mjomba alisikia kile ambacho yeye na mashofere wenzake humaanisha kwa neno hilo hilo, kwa njia ya Kifaransa: nafasi ipo, inatosha, pita. Akatoka kushoto.

Klaksoni niliisikia kabla ya kuelewa kosa langu. Alikanyaga freni, akarudi nyuma ya mahindi, na kioo cha pembeni, cha upande wangu, kikang'oka na kwenda. Hatukusema kitu mpaka kijiji kilichofuata. Pale alishuka, akazunguka gari mara mbili, akagusa mahali palipokuwa na kioo.

“Ulisema inapita.”

“Kamio ndiyo ilikuwa inapita, mjomba.”

“Kamio gani?”

Swali hilo nimekaa nalo kuliko somo lolote la mwaka huu. Katika Kiswahili cha kwetu kamio ni *i-*, motokari ni *i-*, njia ni *i-*, na hata jambo lisilo na jina ni *i-*. Kiambishi kimoja kilikuwa na watendaji wanne, na mjomba akamchagua aliyemtaka, kwa sababu alikuwa amekwisha kula vumbi la kutosha. Mwenzangu mmoja wa darasani alisema kwamba Kiswahili sanifu kingetuokoa. Nilimwomba ajaribu. Lori linapita, gari linapita. Kiambishi ni kimoja, ajali ni ile ile. Labda *pa-* ya mahali ingesaidia: panapitika, hapapitiki. Lakini sijamwona bado mtu wa kutamka “hapapitiki” akiwa na kamio machoni.

Hata taa zina shida hiyo. Kwetu kamio ya mbele ikiwasha taa ya kuume inakwambia pita, ikiwasha ya kushoto inakwambia kaa. Kule wanakoshika kushoto ni kinyume chake. Sasa, ukiwa nyuma ya kamio yenye namba za Tanzania kwenye njia ya Likasi, inakuwashia taa ya kuume kwa lugha gani? Mjomba anasema anaangalia kwanza namba, kisha umri wa shofere, kisha anaomba Mungu.

Siku hizi katika Probox yake maneno ya kiti cha kushoto ni mawili tu, “twende” na “bado”, na anayekaa hapo hufundishwa kabla ya injini kuwashwa. Mara ya mwisho nilihamishiwa nyuma, kwenye magunia. Mbele alikaa mama mmoja muuza samaki. Mjomba alimweleza maneno yake mawili kwa adabu zote.

“Baba,” yule mama akamwambia, “mimi nimelipa nafasi ya kukaa. Kazi yako fanya wewe.”

Tulifuata kamio ya makaa mpaka Luena, madirisha yamefungwa, bila kuipita hata mara moja.