Kafanyiwa upasuaji wa moyo, mbona anatembezwa?

Mama mmoja wa Kilosa alibadilishiwa vali ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Kesho yake, mirija ikiwa bado kifuani, wauguzi walimkalisha ukingoni mwa kitanda. Baadaye akasimama, akapiga hatua chache hadi kwenye kiti. Dada yake aliyekuwa akimuuguza alitaka kulia. Mtu kapasuliwa kifua juzi tu, leo anatembezwa!

Lakini mgonjwa akilala tu, makohozi hutuama mapafuni na kuleta nimonia, damu huweza kuganda miguuni, na misuli hulegea upesi. Hata madaktari zamani waliamini kulala. Aliyepata shambulio la moyo alilazwa kwa wiki nyingi, mpaka Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walipoandika mwaka 1952 kuhusu kuwakalisha wagonjwa kitini.

Kazi ilikuwa nyumbani. Mkwe wake alimpenda mno: chai kitandani, uji kitandani, hata nywele alichanwa amelala. Wiki haikuisha, mama akawa anahema kwa kwenda chooni tu. Dada ndiye aliyemwinua. Asubuhi na jioni, jua la Kilosa likiwa halijawaka au limepoa, walizunguka uani dakika tano, kisha kumi. Kipimo chao kilikuwa maongezi: akitembea huku anaongea, mwendo unafaa. Akiishiwa pumzi, akipata kizunguzungu, kifua kikimbana au moyo ukienda mbio, anakaa. Hali isipotulia, ni hospitali, si kungoja kesho.

Majirani wengine nao walivuka mpaka upande wa pili: kama anatembea, si achote maji? Hapana. Mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya huchukua wiki kadhaa, mara nyingi hadi 12, kuunga. Ndoo, jembe na kumbeba mjukuu vilisubiri. Akikohoa alikumbatia mto. Akiamka aligeuka ubavu kwanza, bila kujivuta kwa mikono. Dawa ya kuzuia damu kuganda hakuiruka, na kliniki alihudhuria.

Mwezi wa tatu alitembea polepole hadi stesheni ya reli na kurudi. Mkwe alimfuata nyuma na kiti cha plastiki kichwani. Hakikukaliwa.