Karo la Kipupwe

Katika kila nyumba kuna vyumba vya kumwonyesha mgeni, na kuna mambo ambayo hata mwenye nyumba hapendi kuyatazama. Tunapojenga tunazungumzia rangi ya bati, upana wa sebule na aina ya madirisha. Maji yanayotoka bafuni na chooni hatuyazungumzii, kana kwamba yakishapita kwenye tundu la sakafu yamekwisha duniani. Kumbe yamekwenda mahali, tena mahali pa karibu sana. Mimi nililitafakari jambo hili vizuri katika kipupwe cha mwaka 2018 kuingia 2019, huko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako mimi na familia yangu tumefanya makazi.

Nyumba yetu iko shamba, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Minneapolis. Bomba la majitaka la mji halifiki huko. Watu wengi wa nyumbani hushangaa nikiwaambia kwamba Marekani, pamoja na utajiri wake, zaidi ya nyumba moja katika kila tano hutegemea karo lake yenyewe, kama zilivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam au Mbeya. Maji ya kunywa tunayatoa katika kisima kilichochimbwa uani, na majitaka tunayarudisha katika ardhi ya uwanja huohuo. Kwa hiyo karo likiharibika, kinachokuwa hatarini ni kikombe cha maji cha mtoto, wa kwako na wa jirani.

Mwezi Desemba 2018 maji yalianza kurudi juu kupitia tundu la sakafu ya chumba cha chini. Gari la kunyonya majitaka lilipokuja na kulimaliza tangi, tuliona wazi kilichotokea. Tangi lilikuwa la chuma, limezikwa na wenye nyumba wa miaka mingi iliyopita, na ubavu wake mmoja ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukatoboka. Maji yaliyopita hapo yalikwenda katika shimo la matofali lililochimbwa kwa kina kirefu mno, karibu na maji ya ardhini. Mkaguzi alipima, akaandika, kisha akasema neno moja: haliwezi kuendelea kutumika.

Wakati huo nyumbani tulikuwa watu sita. Mama yangu alikuwa amekuja mwezi Oktoba kutoka Njombe, kwa ruhusa ya miezi sita, kumlea mjukuu wake aliyezaliwa. Mama ni mtu wa baridi. Njombe ya Juni na Julai si ya kuchezewa. Lakini baridi ya Njombe haifanyi ardhi kuwa jiwe. Minnesota, sheria ya ujenzi inataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wa kusini wa jimbo, na inchi 60 upande wa kaskazini, ili uwe chini ya udongo unaoganda. Inchi 60 ni kimo cha mwanamke mfupi. Basi katika ardhi ya namna hiyo ndimo tulimotakiwa kuchimba.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee wa hukohuko, mwenye leseni ya kazi hiyo na maneno machache. Alitoboa udongo kwa keekee ya mkono kabla baridi haijazama, akauvunja vipande kiganjani na kunionyesha. Kufikia futi mbili kwenda chini udongo ulikuwa na rangi moja. Hapo ukaanza kuwa na madoa ya kijivu na mekundu. Akanieleza kwamba madoa hayo ni maandishi ya maji. Theluji ikiyeyuka, maji ya ardhini hupanda mpaka hapo na kukaa, na chuma kilichomo udongoni hubadilika rangi. Kanuni za jimbo zinataka kuwe na futi tatu za udongo mkavu kati ya mahali majitaka yanapomwagwa na mahali maji ya ardhini yanapofika, kwa sababu udongo huo wenye hewa ndio unaoua vijidudu. Sisi tulikuwa na futi mbili tu. Futi ya tatu ilibidi tuijenge juu, kwa tuta la mchanga safi.

Hapo ndipo baridi ilipotutia mtegoni. Tuta la mchanga haliwezi kujengwa juu ya ardhi iliyoganda. Kwanza lazima uso wa udongo upigwe jembe ili mchanga na udongo vishikane na maji yapite. Udongo ulioganda hutoka mabonge, na ukiyeyuka chini ya mzigo hushikamana kama ukuta wa nyumba ya tope. Fundi akasema kazi itafanywa mara mbili: tangi liwekwe sasa, tuta lingoje hadi ardhi iyeyuke na kukauka. Katika miezi ya katikati, tangi litafungwa njia ya kutokea na kuwa pipa tu. Likijaa, kengele italia, na gari la kunyonya litaitwa.

Mara moja alitufunikisha mahali pa kuchimba kwa marobota ya nyasi kavu, ili baridi isizame zaidi. Katikati ya Januari akaja na katapila lenye jino moja nene la chuma. Penye nyasi, jino lilizama kwa shida kidogo. Hatua chache pembeni, palipokanyagwa na magari, lilikwaruza juu na kutoa mlio kama wa jiwe juu ya jiwe. Theluji isiyokanyagwa ni blanketi, na ardhi iliyovuliwa blanketi huganda kwa kina. Tangi la zege lenye vyumba viwili, galoni 1,500 kwa jumla, yaani lita kama 5,700, liliteremshwa shimoni, futi zaidi ya 50 kutoka kisimani kama inavyotakiwa. Bomba liliwekwa kwa mteremko usiolegea, kwa maana maji yanayotuama bombani wakati wa baridi ni barafu ya kesho.

Mama alitoka na birika la chai ya tangawizi. Akamsogelea yule mzee, akasema, "Pole na kazi, baba." Fundi akanitazama nitafsiri. Nilitafuta maneno ya Kiingereza nisiyapate, maana wenzetu hawana desturi ya kumpa pole mtu ambaye hajafiwa wala kuumia. Nikamwambia, "Anasema anaiona kazi yako." Yule mzee akavua glavu ndipo akapokea kikombe.

Sasa hesabu. Familia ya Kimarekani kwa wastani hutumia zaidi ya galoni 300 za maji kwa siku. Kwa matumizi hayo tangi letu lingejaa kwa siku tano, na kila safari ya gari la kunyonya ilikuwa dola 300. Fedha zetu zote zilikuwa zimeahidiwa tuta la Juni. Hatukuwa na njia ila kupunguza maji. Nguo tukazipeleka mjini kwenye mashine za kulipia. Tukarudi kuoga kwa ndoo na kopo, na watoto wangu waliozaliwa Marekani wakajifunza kwamba lita kumi zinamtosha mtu kutakata. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni, tukidhani methali ile inahusu akiba. Kipupwe kile iliwahusu pia wanaoacha bomba likichuruzika.

Katika ubanaji ule likatokea jambo ambalo hesabu zangu hazikuwa na mahali pake. Mke wangu ndiye aliyeliona. Mama alikuwa ameacha chai ya jioni. Mchana alikunywa maji kikombe kimoja, akasema kiu hana. Usiku hakuamka kwenda chooni kama desturi yake, na asubuhi alikuwa mzito, midomo imemkauka. Mke wangu akamkalisha na kumwuliza kwa upole, "Mama, unajizuia?" Mama akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi hamna jembe la kunipa kwenye theluji hii. Mimi kazi yangu hapa imekuwa kulijaza tangi lenu."

Nilipoambiwa maneno hayo nilikwenda kukaa naye. Huyu ni mwanamke aliyekuwa msichana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokusanyika kandokando ya redio vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Alinisimulia mara nyingi jinsi alivyobeba udongo kwa karai wakati baba yake akichimba. Kwake yeye choo ni heshima ya mji. Mtu asiye na choo hana mahali pa kumkaribishia mgeni. Leo amefika kwa mwanawe, ng'ambo, katika nchi ya matajiri, anajihesabia safari za chooni. Nikamwambia, "Mama, tangi hili tumelichimba kwa ajili ya watu. Watu wakianza kuugua kwa ajili ya tangi, basi tumechimba bure. Gari la kunyonya lije mara moja zaidi, ni fedha tu." Hakujibu. Lakini jioni ile aliomba chai, na mjukuu mkubwa akamletea kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akitembea taratibu kama anayebeba yai.

Tangu hapo tukakubaliana kwamba maji ya kunywa na ya chooni hayahesabiwi. Tulibana kwingine kote. Na bado tangi lilituchukua siku kumi na nane kabla ya kengele.

Tarehe 30 Januari 2019 baridi kali ya ncha ya kaskazini ilishuka juu yetu. Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selisiasi chini ya sifuri. Kesho yake, katika kijiji cha Cotton, kaskazini mwa jimbo, ikafika 49 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na hata barua hazikupelekwa. Theluji ilikuwa haba mwezi ule, kwa hiyo ardhi ilikuwa uchi. Fundi alikuwa ametuonya kuhusu matone. Maji mengi ya vuguvugu yakipita bombani kwa mkupuo hufika tangini salama. Tone mojamoja huganda njiani, tone la pili huganda juu yake, na bomba huzibika kama mshipa. Joko letu la kupashia nyumba lilidondosha maji kidogo kidogo mchana na usiku, nasi tukayakinga kwa ndoo na kuyamwaga yote kwa pamoja. Usiku ule niliamka mara mbili kusikiliza maji yakipita. Yalipita. Majitaka yana joto lake, na zile nyasi kavu zililihifadhi. Kisha ikaja Februari yenye theluji nyingi kuliko Februari zote zilizowahi kupimwa Minneapolis na Saint Paul, inchi 39. Majirani walilalamika mgongo wa kuzoa theluji. Mimi nilitazama uwanja umefunikwa blanketi jeupe, nikashukuru.

Ujuzi huu si mpya. Mfaransa Louis Mouras ndiye anayetajwa kutengeneza tangi la namna hii katika karne ya 19, na hati ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1881. Tangu wakati huo kanuni ya kazi ni ileile: kizito kinazama, chepesi kinaelea, maji ya katikati yanatoka, vijidudu vinakula, na udongo unamalizia. Hakuna mtambo uliofanikiwa kuifukuza kazi ya udongo. Kwa hiyo majitaka si kitu kilichotupwa; yamekabidhiwa, na aliyekabidhiwa ana masharti yake. Anataka nafasi, anataka hewa, na wakati wa baridi anataka kungojwa.

Kungojwa huko ndiko kulikonifunza zaidi. Katika nchi ambayo fedha huharakisha karibu kila kitu, tuliambiwa na udongo tukae miezi mitano, tukakaa. Mama aliondoka Aprili, ruhusa yake ilipokwisha, theluji ya mwisho ikiwa bado kwenye kivuli cha banda. Tuta lilijengwa Juni, siku tatu za jua, na likapandwa majani, maana juu yake huruhusiwi kulima mboga wala kupitisha gari. Nikamtumia Mama picha. Akapiga simu siku hiyohiyo: "Tuta kubwa hivyo, mmepanda viazi gani?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo mkaguzi hakuliuliza: "Na maji ya kisima, mmeyapima?" Tulikuwa tumeyapima. Yalikuwa salama.

Ndugu msomaji, huenda kwenu hakuna theluji, na huenda karo lenu lilichimbwa na mtu msiyemjua. Nenda ukalitazame. Jua liko umbali gani na kisima, lilinyonywa lini, na maji yake yanakwenda wapi mvua za masika zikijaa. Kisha tazama na waliomo ndani ya nyumba, hasa wazee, kwa kuwa wao hawasemi. Nyumba yenye afya ni ile ambayo mtu mzima anaweza kunywa maji mpaka kiu imwishe, asione haya kwa yatakayofuata.